Kiingilio cha Serengeti ni 10,000, mbona ankara yenu si hiyo?

Kila likizo swali ni lile lile, na safari hii limekuja kwa maneno makali: mteja kaona mtandaoni kwamba Mtanzania anaingia Serengeti kwa 10,000, kaangalia ankara yetu ya safari tunayomwandalia, kaamua tumempiga. Haya, tuifungue hiyo ankara.

Ile 10,000 ni kabla ya VAT. Weka asilimia 18, inakuwa 11,800 kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 ni 2,360. Na hiyo ni ya saa 24, si ya safari nzima. Baba, mama na watoto wawili wakilala Serengeti siku mbili wanalipia saa 48: 56,640, bado hujagusa ada ya gari wala ya kambi.

Ugomvi hasa unaanzia Lodoare, geti la kuingilia Ngorongoro. Ukitoka Arusha kwenda Serengeti unapita hapo, na geti hilo si la TANAPA, shirika la hifadhi za taifa linalosimamia Serengeti. Ni la Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, chombo kingine chenye sheria yake na kiingilio chake, nacho ni 11,800. Hata usiposhuka kreta, hata usiposimama kupiga picha, umepita kwenye eneo lao. Ukirudi kwa njia hiyo hiyo baada ya saa 24 kwisha, unalipa tena. Ndiyo maana kwenye ankara Ngorongoro inatokea mara mbili, hatukukosea kujumlisha.

"Basi tupitie Ndabaka," geti la Serengeti upande wa magharibi. Kwa anayetoka Mwanza au Musoma ni sawa kabisa, na huwa tunamshauri hivyo wenyewe. Kwa wa Arusha maana yake ni kuzunguka Singida na Shinyanga, na dizeli ya mzunguko huo inameza kiingilio cha Ngorongoro mara kadhaa.

Fedha hizi hazipiti mfukoni mwetu. Tunakutolea kontroli namba, yaani namba ya malipo ya serikali, ya tarakimu 12 inayoanza na 99, na ukitaka lipa mwenyewe kwa simu au benki. Zamani TANAPA ilikusanya na kutumia yenyewe. Sheria ya Fedha ya 2020 ikahamishia makusanyo ya viingilio kwa TRA, mamlaka ya mapato, yaingie Mfuko Mkuu wa Serikali, hifadhi ziletewe fungu kupitia bajeti. Kwa hiyo ukituomba punguzo la kiingilio, unatuomba kitu ambacho si chetu. Gari, dizeli, dereva na chakula ni vyetu, hapo tuzungumze.

Mgeni kutoka nje ya Afrika Mashariki analipa dola 82.60 msimu wa juu kwa saa zile zile 24. Dola hizo, pamoja na za wapanda Kilimanjaro, ndizo zinazobeba hifadhi zenye wageni wachache kama Katavi: doria, mafuta ya magari ya askari, greda la barabara, miradi ya ujirani mwema vijijini. 2020 wageni walipokatika kwa sababu ya korona, kila mtu aliona pengo lake.

Sasa njia za mkato. Ya kwanza: kumwandika shemeji mwenye pasipoti ya Ulaya kama Mtanzania. Getini wanataka kitambulisho cha NIDA au pasipoti. Asipokuwa nacho, inatolewa kontroli namba mpya ya dola, mtandao unasuasua, na asubuhi yenu ya simba inaishia kwenye maegesho.

Ya pili inagharimu zaidi: kubana muda. Umeingia Serengeti kwa geti la Naabi saa 7 mchana, mwisho wako ni saa 7 mchana kesho yake. Dereva anaposema "tuondoke Seronera saa 5", yaani katikati ya hifadhi, hakukatishi starehe. Ana hesabu ya barabara yenye makorongo, pancha moja, na foleni ya kutoka. Ukichelewa, mfumo unadai saa 24 nyingine kwa kila kichwa kilichomo garini. Na kibali ni cha kuingia mara moja, kwa hiyo usitoke kwa ajili ya chakula cha mchana ukidhani utarudi bure.

Tutumie vitambulisho vya wote, umri wa watoto na geti mtakalotokea. Ankara itakuja imetenganishwa: ya serikali juu, yetu chini.