Kipimo kisichotaja kasoro yake kisiamue mpaka wa mtu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonisumbua kwa muda sasa, nalo ni imani inayozidi kuenea kwamba, kwa kuwa kila mtu ana simujanja inayosoma setilaiti, suala la usahihi wa mipaka na ramani limekwisha. Kazi ya upimaji ardhi nimeifanya kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilianza na mnyororo wa chuma na teodolaiti, yaani darubini ya kupimia pembe, na leo nabeba kipokezi cha setilaiti kinachoenea ndani ya mkoba. Sina ugomvi na vifaa vipya, na nisingependa kurudi nyuma. Ninachokitetea ni kwamba namba ya mahali ambayo haisemi ilipimwaje, kwa kuegemea msingi upi (yaani mfumo gani wa kuanzia kuhesabu mahali), na inaweza kukosea kwa kiasi gani, isikubaliwe kuamua mpaka wa mtu.

Nianze na simu, kwa kuwa ndiyo iliyo mikononi mwa wengi. Penye anga wazi, simu ya kawaida hukadiria mahali ulipo kwa kosa la takriban mita 5. Ukiwa chini ya miti au kando ya majengo marefu kosa hilo hukua, kwa sababu mawimbi ya setilaiti hugonga kuta kwanza ndipo yafike kwenye simu, na kila sehemu moja ya bilioni ya sekunde yanayochelewa njiani huongeza sentimita 30 katika hesabu ya umbali. Hata hivyo programu nyingi huandika digrii za mahali kwa tarakimu sita, na nyingine hata nane, baada ya nukta. Tarakimu ya sita ni kama sentimita 11 ardhini, na ya nane ni kama milimita moja. Mwenye simu akiziona tarakimu hizo huamini ameonyeshwa milimita, ilhali kifaa kilichoziandika hakiwezi kutofautisha kizingiti cha nyumba yake na katikati ya barabara.

Wataalamu nao hawajasalimika, na hapa naomba nisimulie nililoliona kwa macho yangu. Miaka michache iliyopita nilikuta kikosi cha vijana kimekwisha kupima pembe arobaini za viwanja kwa muda wa nusu siku, kazi ambayo enzi zetu ingetuchukua wiki. Walikuwa na vipokezi viwili: kimoja kimesimamishwa mahali pamoja kama kituo cha msingi, na kingine kinatembezwa juu ya fimbo kikipokea masahihisho kutoka kwa kile cha kwanza. Mfumo huo, ukitumiwa vizuri, hutoa kosa la sentimita moja au mbili tu. Kijana aliyekiongoza kikosi alinionyesha kwa fahari kwamba kila pembe aliyoirudia ilimpa jibu lile lile, tofauti isizidi sentimita moja. Nilimuuliza kama amekwenda kwenye jiwe lolote la zamani la mpaka. Hakuwa amekwenda.

Tulichukua ramani ya upimaji wa awali pamoja na daftari lake la uwandani, tukahesabu hatua, tukachimba chini ya mizizi ya kichaka. Jiwe lilikuwa limefukiwa kina cha kiganja kimoja, na alama ya msalaba iliyochongwa juu yake imejaa udongo. Niliusafisha kwa ncha ya msumari, kijana akaweka ncha ya fimbo penye makutano ya mistari miwili, akasubiri mpaka kiputo cha hewa kinachoonyesha kama fimbo imesimama wima kitulie katikati ya duara, kisha akasoma. Kipimo kilitofautiana na kumbukumbu ya jiwe lile kwa zaidi ya mita moja na nusu. Kituo cha msingi hakikuwekwa juu ya nukta inayojulikana. Kiliachwa kijikadirie mahali pake chenyewe, na kasoro ya makadirio hayo ikahamia kwenye pembe zote arobaini, upande uleule na kwa kiasi kilekile. Ndiyo maana vipimo vilirudiana vizuri namna ile. Kurudiana kwa vipimo ni jambo moja na usahihi ni jingine, na kifaa hakiwezi kukuambia kwamba una la kwanza bila la pili.

Kurekebisha kulichukua muda mfupi, na kijana yule leo ni mpimaji makini kuliko wengi. Lakini tukio lile lilinifunza kitu kuhusu vifaa vya zamani ambacho sikukitambua nilipokuwa navyo. Kwa teodolaiti na mnyororo ulilazimika kutembea kutoka nukta hadi nukta mpaka urudi ulikoanzia, na tofauti kati ya pale ulipoanza na pale hesabu ilipokurudisha iliandikwa daftarini kila mtu aione. Kosa lilijitangaza. Kipokezi cha leo hakikulazimishi kurudi popote. Kwa hiyo nidhamu ambayo zamani iliwekwa na kifaa sasa haina budi kuwekwa na mtu, kwa kanuni iliyoandikwa: hakuna kazi inayopokelewa bila kupimwa angalau alama mbili za zamani zinazojulikana, na tofauti zilizopatikana zionyeshwe kwenye ramani yenyewe.

Suala la msingi wa vipimo nalo ni la kweli, ingawa wengi hulidharau. Kwenye kituo cha kuchunguza nyota cha Greenwich, London, watalii husimama juu ya mstari wa longitudo sifuri, na vipokezi vyao huonyesha kwamba sifuri iko kama mita 102 mashariki mwa hapo. Hakuna aliyekosea, mstari ule na mfumo wa setilaiti vimejengwa juu ya misingi tofauti. Ardhi yenyewe pia haikai. Bamba la ganda la dunia linalobeba Australia husogea karibu sentimita 7 kila mwaka, hata nchi hiyo ikalazimika kubadili msingi wake wa mwaka 1994 kwa ule wa 2020, na namba za mahali zikahama kwa mita 1.8 hivi bila ua wowote kung'olewa. Kwa upande wa kimo, daraja la Laufenburg kati ya Ujerumani na Uswisi ni ushahidi wa kutosha: nchi hizo zilijua kwamba usawa wa bahari wanaoanzia kupima kimo unatofautiana kwa sentimita 27, lakini rekebisho likafanywa upande usio wake, na mnamo 2003 ikagundulika kwamba pande mbili za daraja zinapishana kwa sentimita 54.

Siku hizi kuna pia droni na programu zinazochora mipaka zenyewe kutoka kwenye picha za angani. Droni ni msaada mkubwa, mradi pawe na alama zilizopimwa ardhini za kuishikilia picha mahali pake, na alama nyingine zilizoachwa nje ya hesabu kwa ajili ya kuikagua. Hizo programu zinanitia wasiwasi zaidi. Kompyuta huona ua, mtaro na mabadiliko ya rangi ya mazao. Haioni kwamba majirani wawili walikubaliana ua upandwe hatua mbili ndani ya kiwanja cha mmoja wao ili mtaro usizibwe. Mstari inaouchora ni mstari wa matumizi, na haki ya umiliki inaweza kuwa imelala kwingine kabisa. Katika nchi nyingi sheria hulipatia jiwe lililopandwa na mpimaji wa kwanza uzito mkubwa kuliko urefu na namba zilizoandikwa kwenye karatasi, kwa sababu wenye ardhi walijenga na kuishi kwa kulitazama jiwe hilo. Anayeling'oa au kulipuuza kwa kuwa skrini yake inaonyesha kwingine anavuruga makubaliano ya watu.

Ombi langu la mwisho ni kwa ofisi zinazohamisha ramani za karatasi kwenda kwenye kompyuta. Zisihifadhi mistari tu zikatupa madaftari ya uwandani. Ndani ya madaftari hayo, kwa penseli iliyofifia, mna maelezo ambayo hayako popote pengine: kona iko umbali gani kutoka kwenye mwamba, jiwe lilikutwa limeinama, mti fulani ulitumika kama alama. Siku ile tulipochimba kichakani, namba za kipokezi zilitupeleka mahali pasipo na kitu. Kilichotufikisha kwenye jiwe ni mstari mmoja wa daftari la namna hiyo.

Wako mwaminifu,
Mpima ardhi