Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Tovuti Zipo, Wasomaji Je?

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana,

Hesabu atazisoma mweka hazina mwenyewe, sitamwingilia. Itoshe kusema ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka jana, na taa za kichochoro cha nyuma ya msikiti zinawaka. Mimi nitazungumzia kazi iliyokula muda wetu mwingi mwaka huu, ya kufuatilia mambo ya siasa na serikali mitandaoni, maana wapo waliouliza chama cha mtaa kina haja gani na tovuti za wanasiasa.

Swali ni la haki. Mwaka 2005 Wakenya wawili, Ory Okolloh na Conrad Akunga, walianzisha tovuti ya Mzalendo ili Mkenya aone mbunge wake anafanya nini huko Bungeni. Inasimuliwa kwamba tovuti ya Bunge ilikuwa imefungwa baada ya baadhi ya waheshimiwa kukereka kuona wasifu wao umeanikwa. Kisha Januari 2008, nchi ikiungua baada ya uchaguzi na matangazo ya moja kwa moja yamepigwa marufuku, Okolloh na wenzake wakaunda Ushahidi, ramani ya mtandaoni iliyopokea habari za ghasia kutoka kwa wananchi wenyewe. Kwa hivyo hili si jambo la kuletewa. Tumelizaa hapa hapa Kenya.

Lakini lililonishawishi mimi ni la Agosti 2022. Tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka fomu 34A, yaani karatasi za matokeo ya kura za urais, za vituo zaidi ya 46,000 mtandaoni, mahali ambapo mtu yeyote mwenye simu angeweza kuzifungua. Mnakumbuka pale barazani: vijana wakifungua fomu za Mvita na Kisauni, Mombasa, moja moja, wazee wakisomewa. Tuliona saini za mawakala, tukaona mwandiko wa msimamizi, hata tarakimu iliyokatwa ikaandikwa upya juu yake. Ubishi haukuisha, la hasha. Makamishna wanne waliyakana matokeo na kesi ikafika Mahakama ya Juu, iliyoamua tarehe 5 Septemba. Ila kwetu watu walibishana juu ya karatasi iliyo mbele yao, si juu ya "nimeambiwa na shemeji yangu".

Upande wa pili tusiufiche. Mwaka 2017 kulikuwa na tovuti iitwayo The Real Raila, iliyompinga mgombea urais Raila Odinga na kutisha watu kwa video za nchi iliyoangamia, bila kusema nani aliyeitengeneza. Baadaye shirika la Privacy International lilieleza kwamba nyuma yake ilikuwepo Harris Media, kampuni ya Texas, Marekani. Mtu wa Texas anamtia hofu mpiga kura wa Likoni! Ndiyo maana kamati imeweka sharti kwenye kundi letu la WhatsApp: ukileta habari ya siasa, taja imetoka wapi na mwenyewe ni nani. Waliokasirika na kujitoa wanakaribishwa kurudi, sharti ni lile lile.

Sasa mambo ya nyumbani. Katiba, kifungu cha 196, inalitaka bunge la kaunti lishirikishe wananchi katika kazi zake. Hati huwekwa mtandaoni, sawa, lakini nyingi ni kurasa mamia kwa mamia, Kiingereza kitupu, nyingine zimepigwa picha zikalala upande. Mswada wa Fedha wa 2024 ulimfikia kila muuza mahamri kwa sababu vijana walikaa wakaufasiri kifungu kwa kifungu, mpaka kila mtu akajua kuna pendekezo la kodi ya asilimia 16 kwenye mkate. Kuwekwa tovutini peke yake kusingetosha.

Nasi tukajaribu hivyo hivyo kwa kiasi chetu. Kurasa chache za bajeti ya kaunti zilichapishwa kwenye saiba, duka la intaneti, zikasomwa kwa Kiswahili barazani baada ya Isha. Msomaji alipofika kwenye fedha za kuzibua mitaro, bibi mmoja akamkatiza: "Mwanangu, mtaro upi huo? Wetu umeziba tangu El Niño." Hakuna aliyekuwa na jibu, basi swali lake tukaliandika barua. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inakuruhusu kuomba kwa Kiswahili, huulizwi sababu, na unapaswa kujibiwa ndani ya siku 21. Ofisi husika, nisiyoitaja hapa, ilinyamaza hadi tulipolalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za serikali. Jibu likaja: mtaro uliotajwa uko wadi nyingine. Kwa hivyo bibi hakupata mtaro. Alichopata ni karatasi yenye muhuri, na aliposimama nayo kwenye kikao cha kukusanya maoni, safari hii maofisa waliandika alichosema.

Uchaguzi wa Agosti 2027 hauko mbali. Kamati inaomba kila kichochoro kitoe wasomaji wawili, mmoja kijana na mmoja mtu mzima, na watakaopendekezwa wathibitishe kwanza majina yao kwenye daftari la wapiga kura. Hoja ya chama kulipia bando na uchapishaji iko namba nne kwenye ajenda. Mweka hazina ameshanuna. Msikilizeni kwanza, kisha tupige kura.