Tuanze na mfuko wa ada, jengo la utawala litafuata

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini kwako. Mimi ni mhazini wa usharika wa kijijini mkoani Njombe, na kanisa letu linachangisha fedha za kujenga chuo, tukiambiwa ni kwa ajili ya watoto wa wasio na uwezo. Nalifurahia wazo hilo. Watu wanajitoa kweli: kwenye mnada baada ya ibada kuku mmoja hununuliwa, akarudishwa mezani, akauzwa tena, na debe la viazi vivyo hivyo.

Ila kadi za ahadi zina mistari ya saruji, mabati na jengo la utawala tu. Mama mmoja anayeuza mboga alinikabidhi bahasha yake ya shilingi elfu tano, akauliza, "Mama mhazini, binti yangu naye ataingia humo?" Binti ana cheti cha kidato cha nne, anataka uuguzi. Sikuwa na jibu, maana hakuna aliyetueleza ada italipwa na nani.

Wapo wanaosema Bodi ya Mikopo itasaidia. Bodi hiyo ilianza kazi 2005, lakini mikopo kwa wanafunzi wa stashahada ilipanuliwa mwaka wa masomo 2023/24, tena kwa fani zilizoteuliwa. Wengine wanategemea wafadhili wa nje. Hao, kwa nionavyo, hupenda jengo lenye kibao cha jina lao ukutani.

Chuo cha Berea kule Kentucky, Marekani, kilianzishwa 1855 na mhubiri John Fee, na tangu 1892 hakitozi ada ya masomo. Wanafunzi hufanya kazi chuoni angalau saa kumi kwa wiki, jikoni, shambani, ofisini. Lakini jembe peke yake halilipi mishahara ya walimu. Kinachowabeba zaidi ni michango iliyowekezwa miaka mingi, wakatumia faida na kuacha mtaji.

Sisi hatuna utajiri huo. Hata hivyo tunaweza kufungua akaunti ya pili sasa hivi, isiyoguswa na fundi wala mkandarasi, na wazee wa kanisa wa kila mtaa wapendekeze wa kusaidiwa. Wao ndio wanaojua nani hana kweli na nani anajifanya hana.

Kadi za ahadi za mwakani hazijachapishwa. Kamati iongeze mstari mmoja: mfuko wa ada.

Mhazini wa usharika,
Njombe