Daktari naye aonyeshe cheti cha polisi

Mhariri,

Binti wa hapa Arua, Uganda, akipata kazi za ndani Saudia au Dubai, haondoki mpaka achukuliwe alama za vidole na kupewa cheti cha tabia njema na ofisi ya Interpol ya polisi wetu, Kampala. Anakwenda kufua na kupika, na mwajiri wa ugenini anataka kujua kama aliwahi kufungwa. Ana haki. Lakini mimi nimefanya kazi ya uuguzi hadi kustaafu, na kila kliniki niliyoajiriwa waliniuliza cheti cha masomo na leseni tu. Cha polisi hakuna aliyekitaja.

Fikiria kwa daktari wa meno. Mtoto amelazwa kwenye kiti, taa usoni, mdomo wazi, ganzi imeshaanza kushika hawezi hata kuita. Mzazi ameambiwa asubiri nje kwenye benchi. Leseni iliyotundikwa ukutani inamwambia kwamba aliye ndani amesoma na amesajiliwa. Mahakama iliwahi kusema nini juu yake, haimwambii.

Kuna watakaosema natia chumvi. Wasome habari za Michael Swango, daktari wa Marekani. Mwaka 1985 alitiwa hatiani Illinois kwa kuwatilia sumu wafanyakazi wenzake, akafungwa. Alipotoka alighushi karatasi, akaajiriwa tena hospitalini kwao, na mwaka 1994 akapokelewa katika hospitali ya misheni ya Mnene, Zimbabwe, ambako wagonjwa walianza kufa vifo visivyoeleweka. Mwaka 2000 alikiri mahakamani Marekani kuwaua wagonjwa. Hospitali zetu za misheni nazo hupokea wageni wa kujitolea, na wengi wao ni watu wema kweli. Huyo naye alipokelewa kwa furaha.

Harold Shipman wa Uingereza alitiwa hatiani mwaka 1976 kwa kughushi karatasi za dawa ili ajipatie pethidini, dawa kali ya maumivu. Akatozwa faini, akarudi kutibu. Mwaka 2000 alihukumiwa kwa kuua wagonjwa 15. Kwa hiyo kuijua rekodi peke yake hakutoshi. Lazima awepo mwenye mamlaka ya kusema huyu basi.

Kwetu, mwenye mamlaka hayo ni mabaraza ya taaluma: la madaktari na madaktari wa meno, la wauguzi na wakunga, na lile la maofisa wa kliniki na wenzao. Leseni huhuishwa kila baada ya muda. Baraza lipeleke namba ya kitambulisho cha taifa polisi, lijibiwe. Msimwambie muuguzi wa Koboko apande basi la usiku mpaka Kampala kufuata karatasi, na gharama isitoke kwenye mshahara wake. Alama za vidole zichukuliwe kituo cha polisi cha wilaya.

Jambo moja nalisisitiza: waangalie hukumu, wasiangalie kukamatwa. Vijana wangapi wa nchi hii wamelala rumande kwa uzururaji, hawana kosa lolote? Mahakama ya Katiba yenyewe ilifuta sehemu ya sheria hiyo mwaka 2022. Kijana wa namna hiyo akisomea udaktari asizuiwe. Ninaowataka wajulikane ni waliotiwa hatiani kwa unajisi, kubaka, kujeruhi, kuiba dawa au kughushi vyeti.

Muswada wa Makosa ya Kujamiiana ungetusaidia, maana ulikuwa na daftari la wahalifu wa makosa hayo. Bunge liliupitisha mwaka 2021, Rais akaurudisha bila kuutia saini. Ubishi wa vifungu vingine vya muswada ule siuingilii hapa. Daftari linaweza kuletwa peke yake, na wabunge wa eneo letu la West Nile wanaosoma gazeti hili wanaweza kulianzisha. Mabaraza nayo hayana haja ya kulingoja: kipengele kimoja kwenye fomu ya leseni ya mwaka ujao kinatosha kuanzia.

Muuguzi mstaafu,
Arua