Barua kwa Rafiki Anayeunda Kompyuta Yake ya Kwanza ya Gemu

Ngamiani, Tanga

Ndugu yangu Mbwana,

Assalaam alaykum. Sisi huku ni wazima, na yule mtoto uliyemwacha anatambaa sasa anakimbia hadi barabarani. Barua yako pamoja na orodha ya vifaa imenifikia, nami nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa na kalamu mkononi. Kwa kuwa umeniomba nikueleze bila kukuficha, naanza na lile lililonikosesha raha: katika milioni mbili ulizodunduliza, umetenga fedha nyingi kwa prosesa, yaani ubongo wa mashine, na kwa kasha la kioo lenye taa, halafu mbele ya pawasaplai, kile kisanduku kinachoigawia mashine umeme, umeandika "yoyote itakayokuja na kasha". Hapo ndipo mimi nilipoungulia.

Mashine yangu ya kwanza niliiunganisha juu ya meza ya chakula, baada ya sala ya Isha. Pawasaplai ilikuja ndani ya kasha, nyepesi kama kopo tupu la maziwa, na mgongoni mwake, karibu na tundu la waya, palikuwa na swichi ndogo nyekundu ambayo sikuishughulikia. Kumbe ilikuwa imesukumwa upande wa 115, na umeme wetu ni wa volti 230. Nilipobonyeza swichi ya ukutani ulitoka mlio kama wa fataki, taa za nyumba nzima zikazimika, na harufu ya kuungua ikakaa sebuleni siku mbili. Mama alitoka chumbani na tasbihi mkononi, akamulika meza kwa simu, akauliza, "Hiyo ndiyo gemu yenyewe?" Kwa rehema za Mungu ubaomama, yaani ule ubao mkubwa unaounganisha vifaa vyote, ulipona, lakini sikuthubutu kuugusa kwa muda wa mwezi mzima.

Kwa hiyo nakusihi uanze na pawasaplai, na hivyo vingine vifuate. Zilizo nzuri hazina swichi hiyo kwa sababu hujirekebisha zenyewe, na lebo yake husomeka volti 100 hadi 240, maana yake ni kwamba jioni, mtaa mzima unapowasha pasi na majokofu na balbu zikafifia, mashine yako itaendelea kufanya kazi. Utaona pia alama ya 80 Plus Bronze, inayoonyesha kwamba kifaa kikibeba nusu ya mzigo wake, takriban asilimia 85 ya umeme kinaouvuta hufika panapohitajika na uliobaki hugeuka joto. Hata hivyo, alama hiyo hupima ufanisi tu wala haielezi kama viungo vya ndani ni imara, basi usiiachie ikuamulie kila kitu. Wati 550 za kweli zitakutosha, na hesabu yake nitakuonyesha hivi punde.

Kuhusu prosesa, ile ya viini 16 (sehemu zinazofanya kazi kwa pamoja ndani yake) uliyoichagua ni ya mtu anayehariri video mchana kutwa, ilhali wewe unataka kucheza mpira na magari pamoja na wanao. Prosesa ya Ryzen 5 5600 ina viini 6, imepangiwa wati 65, na inakaa kwenye soketi (tundu la prosesa) ya AM4, ambayo vifaa vyake vimeenea na hutumia RAM, yaani kumbukumbu ya muda, ya kizazi cha DDR4. Ukijiona una uwezo wa kwenda kwenye AM5, soketi iliyoifuata, fahamu kwamba huko hakuna DDR4 kabisa, na kijiti cha DDR5 hakiingii kwenye tundu la DDR4 kwa sababu pengo lake limekatwa mahali tofauti. Usimwamini muuzaji anayekuambia ukisukume kidogo. RAM yenyewe nunua vijiti viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha GB 16, kwa sababu viwili hufanya kazi sambamba kwa njia mbili, na katika gemu tofauti yake inaonekana. Ukiwekewa ubaomama wa B450, aina ya zamani kidogo ya AM4, uliza kama BIOS yake, ile programu ndogo inayoiwasha mashine, imeshasasishwa, kwani uliokaa dukani muda mrefu huenda usiitambue prosesa hiyo.

Kitu kimoja kinachowakosesha wengi usingizi: Ryzen 5 5600 haina grafiki, yaani sehemu ya kuchora picha, ndani yake, kwa hiyo waya wa skrini lazima uchomekwe kwenye kadi ya grafiki, si kwenye ubaomama. Ikiwa fedha zitapungua, chukua 5600G, ambayo ina grafiki ya ndani, uchezee mambo mepesi hadi utakapoipata kadi. Si aibu, mimi nilikaa hivyo miezi minane.

Kadi uichague baada ya kuamua skrini, kwa sababu hakuna faida ya kununua kadi ya kuchora picha 144 kwa sekunde kisha ukaitazamia kwenye skrini ya 60 Hz, yaani inayoonyesha picha 60 tu kwa sekunde. Kwa skrini ya pikseli 1920 kwa 1080, kadi ya RX 6600 yenye kumbukumbu ya GB 8 inatosha vizuri, nayo imepangiwa wati 132. Ukijumlisha na zile 65 za prosesa, ambayo huzidi kidogo inapobanwa, kisha ukaweka hamsini au sitini za feni, diski na ubaomama, hufiki 300, na ndiyo maana 550 zinakupa nafasi ya kupumua. Diski iwe SSD, ile ya haraka isiyo na sehemu inayozunguka, ya TB 1, kwani gemu moja siku hizi huweza kupita GB 100.

Najua utaipata kadi iliyotumika Kariakoo, nami sikukatazi. Omba iwashwe dukani na iendeshe gemu nusu saa huku ukisikiliza feni, na usilipe kabla ya kuiona programu ya GPU-Z, inayotambua kadi, ikiitaja kwa jina lake, kwa sababu zipo kadi kuukuu zilizobandikwa majina ya kisasa. Kisha itoe, uyatazame yale meno ya dhahabu kwenye mwanga wa jua. Ukiona ukungu wa kijani, irudishe, maana hiyo ni kutu ya shaba, na upepo wa chumvi wa Bagamoyo utaimalizia kazi. Nyumba yako inatazama bahari kama sisi huku, kwa hiyo kasha la kioo kitupu mbele nimelifuta kwenye orodha. Tafuta lenye wavu mbele na kichujio kinachochomoka, uliweke juu ya meza wala si sakafuni.

Salio likusaidie kupata UPS, kifaa cha betri kinachoshikilia mashine umeme unapokatika. Iliyoandikwa VA (volti-ampea) 650 haimaanishi wati 650. Nyingi za kiasi hicho hubeba chini ya wati 400, na kazi yake ni kukupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Wanao watalia mechi ikikatika, lakini diski itasalimika.

Nimekurudishia orodha ikiwa na alama zangu za wino mwekundu. Usinunue grisi ya kupozea prosesa, kwa kuwa ninayo bomba zima, na bisibisi yangu yenye sumaku nitakuja nayo. Nitapanda basi la asubuhi Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao, kwa hiyo vifaa viache ndani ya maboksi yake mpaka nifike. Mwambie shemeji asihangaike na chakula kikubwa, samaki wa kupaka anatosha.

Wasalimie watoto.

Ndugu yako,
Shekue