Risala ya Wanachama wa Kikundi cha Akiba na Mikopo cha Wakulima wa Mahindi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuvunja Mzunguko, Wilaya ya Mbozi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya,
Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu,
Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji na Ndugu Mtendaji,
Ndugu Afisa Ugani na Afisa Maendeleo ya Jamii,
Wanachama wenzetu na wageni waalikwa,

Wazee wetu shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi. Karibuni sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, umetukuta tunavunja mzunguko, yaani tunagawana akiba na faida yetu ya mwaka, mwezi Oktoba. Vikundi vingi vya hisa huvunja Desemba ili wanachama wapate fedha za sikukuu. Sisi tumeiandika Oktoba kwenye katiba yetu kwa sababu mvua huku kwetu huanza Novemba, na fedha ya Desemba humkuta mkulima ameshapanda bila mbolea. Mkulima wa mahindi hupata fedha mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno ya Juni na Julai. Akiba, mkopo au ruzuku isiyofuata kalenda ya shamba lake humuumiza, hata kama aliyeipanga alikuwa na nia njema kabisa. Hilo ndilo tunaloomba ulisikie leo.

Tuanze na ekari moja. Inahitaji kilo 8 hadi 10 za mbegu bora, mfuko mmoja wa kilo 50 wa mbolea ya DAP wakati wa kupanda, na mfuko mmoja wa mbolea ya Urea wa kukuzia. Ukipanda kwa sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, punje moja kila shimo, unapata karibu miche 18,000. Urea inatakiwa wiki ya nne hadi ya sita, mahindi yakifika magotini, udongo ukiwa na unyevu, na ifukiwe. Ikiachwa juu ya udongo juani, sehemu kubwa ya naitrojeni yake hupotea hewani. Na ikingoja mpaka mbelewele zimetoka, mkulima amepoteza fedha yake, kwa kuwa mmea umeshaamua gunzi lake litakuwa na ukubwa gani. Hapo hatujataja palizi, wala dawa ya viwavijeshi vamizi walioingia nchini mwaka 2017, ambao wasipodhibitiwa wakiwa wadogo hujichimbia ndani ya moyo wa mmea na dawa haiwafikii tena.

Kwa hiyo fedha inahitajika mara mbili: Oktoba na Novemba kwa mbegu na DAP, kisha mwisho wa Desemba na Januari kwa palizi na Urea. Mkopo wa msimu unaotolewa wote kwa mkupuo Novemba hauifikii Urea. Huliwa na sikukuu, na Januari humalizwa na ada na sare za shule. Utaratibu wetu ni kutoa mkopo huo kwa awamu mbili. Awamu ya pili hutoka baada ya wajumbe wawili wa kamati kufika shambani na kuona mahindi yamesimama na palizi ya kwanza imefanyika. Kama shamba halikupandwa, awamu ya pili haitoki, na deni la mwanachama linabaki dogo analoweza kulimudu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaishukuru Serikali kwa mbolea ya ruzuku iliyoanza msimu wa 2022/2023. Mkulima aliyejiandikisha anapata namba yake na kununua kwa bei iliyopunguzwa. Ila pale dukani analipa taslimu. Asiye na fedha mkononi mwezi ule ruzuku humpita, na anayeifaidi ni yule ambaye angeweza kununua hata bila ruzuku. Ndiyo maana tunaona kuvunja kikundi Oktoba ni sehemu ya mpango wa mbolea.

Kuvunja Oktoba nako kuna tatizo lake, na vikundi vinavyotaka kutuiga tunawaomba mlifahamu mapema. Mkigawana kila kitu, sanduku linabaki tupu, na Novemba hakuna fedha ya kukopesha katika mwezi ambao wanachama wanaihitaji kuliko wakati wowote. Sisi tunagawana robo tatu. Robo inayobaki inaandikwa kwenye kitabu cha kila mwanachama kama hisa zake za kufungulia mzunguko mpya, kiasi kikisomwa mbele ya wote na yeye mwenyewe akiweka sahihi au dole gumba. Tahadhari ni hapo kwenye kuandika. Fedha iliyobaki kwa jina la kikundi tu, bila majina ya wenyewe, ndiyo inayozaa ugomvi na hata kuua vikundi.

Ununuzi wa hisa nao tumeulegeza. Agosti na Septemba mwanachama anaruhusiwa kununua hadi hisa 10 kwa kikao. Kuanzia Desemba hadi Machi hisa moja inatosha, na faini ya kutonunua tumeifuta kwa miezi hiyo. Faini inayotozwa Februari, mwezi ambao nyumba nyingi zimeshamaliza ghala, humfukuza mwanachama maskini na kumbakiza mwenye duka, na kikundi kinaacha kuwa cha wakulima.

Sasa tuje kwenye riba, maana ndipo panapouma zaidi. Vikundi vingi hutoza asilimia 10 kwa mwezi. Mama lishe au mchuuzi wa nyanya anayezungusha fedha kila wiki anaweza kuibeba kwa mwezi mmoja au miwili. Mkulima akikopa shilingi 300,000 Novemba na kulipa Julai, hiyo ni miezi 8. Riba inafika 240,000, na jumla anadaiwa 540,000. Tumezoea kujifariji kwamba riba ni yetu wenyewe, itarudi siku ya kuvunja. Itarudi, lakini kwa nani? Gawio hufuata hisa. Chukua kikundi chenye hisa 2,000, na mkopaji huyo ana hisa 40. Katika ile 240,000 aliyolipa, yeye anarudishiwa 4,800. Mwenye hisa 200 ambaye hakukopa hata shilingi anapata 24,000. Fedha imetoka kwa mwenye shida kwenda kwa mwenye nafasi, na daftari zikiwa safi bila kosa lolote. Wanachama wengi hushangaa wakipigiwa hesabu hii, na tungependa ipigwe katika kila kikundi cha wilaya yetu.

Sisi tumetenganisha mikopo. Mkopo wa biashara ndogo unadumu miezi mitatu na hurejeshwa kila mwezi. Mkopo wa msimu una riba ya asilimia 2 kwa mwezi na hulipwa mara moja, kabla ya tarehe 31 Agosti. Ile 300,000 ya miezi 8 sasa inazaa riba ya 48,000. Hata hivyo asilimia 2 kwa mwezi ni 24 kwa mwaka. Julai 2021 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza mpango wa shilingi trilioni 1 ili mabenki yakopeshe kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka. Mkulima wa ekari mbili ameisikia riba hiyo redioni, ila mkopo wake ni mdogo mno kwa gharama za benki kumfuatilia, na dhamana inayotakiwa hana.

Dhamana aliyonayo ni mahindi yenyewe, na ndiyo maana tumejenga ghala dogo utakalolikagua baada ya risala hii.

Julai kila mtu anauza. Madeni, michango na ada vinasukuma mahindi sokoni kwa wakati mmoja, na wanunuzi kutoka Tunduma na kwingineko wanajua hilo. Mwanachama asiyetaka kuuza kwa bei hiyo analeta magunia yake ghalani na kukopeshwa asilimia 60 ya thamani ya siku hiyo. Tuseme gunia la kilo 100 ni shilingi 50,000. Anapewa 30,000, analipa madeni yake, na mahindi yanabaki kuwa yake. Kwa miezi 6 riba ni 3,600. Mfuko wa kuhifadhia tuuhesabu 5,000 na ghala 500 kwa mwezi, yaani 3,000. Jumla ni 11,600. Kwa hiyo bei ya Januari isipozidi 61,600, kuhifadhi kumemtia hasara. Hesabu hii inafanywa na kila mwanachama kabla ya kuleta gunia, kwa sababu bei haipandi kila mwaka. Mwaka 2017 usafirishaji wa mahindi nje ya nchi ulipopigwa marufuku, waliohifadhi waliona bei ikiporomoka. Kiwango cha asilimia 60 kinakilinda kikundi katika mwaka kama ule: bei ikishuka kwa robo, mahindi bado yanatosha kulipa deni.

Ghala lenyewe halina maana kama mahindi yataoza au kuliwa na dumuzi, na hapa tunaomba uvumilivu wako, Mheshimiwa, maana tutaeleza kwa urefu kidogo. Mahindi ya kuhifadhi yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Hayaanikwi kwenye udongo. Yanaanikwa kwenye turubai au chanja, kwa sababu ukungu unaotengeneza sumukuvu hukaa udongoni. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na kupika hakuiondoi. Mahali pasipo na kipima unyevu tunatumia chupa ya kioo na chumvi, vyote vikiwa vikavu kabisa. Jaza mahindi theluthi ya chupa, weka vijiko viwili au vitatu vya chumvi, funga, tikisa dakika moja, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi ni mabichi. Isipoganda, unyevu uko chini ya asilimia 15 tu, kwa hiyo bado yanahitaji siku moja au mbili za jua kali. Wengi hukosea hapo: wakiona chumvi inateleza, wanafunga siku hiyohiyo.

Baada ya kupeta na kutoa vipande vya magunzi, mahindi yanaingia kwenye mfuko wa PICS, wenye nailoni mbili ndani na kiroba nje. Magunzi hutolewa kwa kuwa hutoboa nailoni. Kabla ya kujaza, nailoni hupulizwa na kubanwa kusikiliza kama inavuja. Unajaza ukishindilia ili hewa isibaki, unasokota mdomo wa nailoni ya kwanza, unaukunja na kuufunga kwa kamba, kisha ya pili vivyo hivyo, kisha kiroba. Wadudu waliomo humaliza hewa na kufa, bila dawa yoyote. Lakini mfuko huu haukaushi. Mahindi mabichi yakifungiwa humo yanaoza, kwani unyevu hauna pa kutokea. Mifuko hupangwa juu ya chaga, mbali na ukuta, na ghala linafagiliwa kila wiki, maana panya akitoboa tundu moja kazi yote imeharibika. Kwa kuwa mfuko uliofungwa haufunguliwi ovyo, kamati inachukua kopo la sampuli kutoka kila gunia kabla ya kufunga, mwenye mali akishuhudia. Gunia linapimwa kwa mizani, linaandikwa jina na kilo, na funguo tatu za ghala zinashikwa na wanachama watatu wasio viongozi na wasio ndugu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni haya.

Tunaomba utusaidie mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iwe na ratiba maalumu kwa vikundi vya kilimo. Mkopo huo hauna riba na tunaushukuru sana. Lakini kikundi cha mahindi kikidaiwa rejesho la kila mwezi kuanzia Februari, mahindi yakiwa bado shambani, kitakopa kwingine ili kulipa, na kule kwingine kuna riba. Rejesho moja Agosti, na lingine Januari kwa wenye mahindi ghalani, linalipika.

Tunaomba mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo iwepo katika kila kituo cha kununulia mahindi kuanzia Juni, na katazo la rumbesa lisimamiwe kwa vitendo. Gunia lililojazwa kilo 120 na kulipwa kama la 100 linamnyang'anya mkulima kilo 20, na hasara hiyo ni kubwa kuliko riba ya miezi 6 ya gunia lililoko ghalani kwetu.

Tunaomba pia mbolea ya ruzuku ifike kwa mawakala wa vijijini kabla Oktoba haijaisha. Kwa upande wa kifaa, tunaomba kipima unyevu kimoja kikae kwa Afisa Ugani wa kata ili vikundi vyote vikitumie kwa zamu.

Ombi la mwisho linahitaji muda, nasi tuko tayari kulifuatilia hatua kwa hatua. Mfumo wa stakabadhi ghalani, unaompa mkulima hati ya mazao aliyoyahifadhi, upo kisheria tangu mwaka 2005, na wenzetu wa korosho wameutumia kwa miaka mingi. Ghala letu ni dogo na halina leseni, hivyo karatasi tunayompa mwanachama inaheshimiwa na sisi tu. Tunaomba wataalamu wa ushirika waje watueleze vikundi vya kata yetu viungane vipi kupata ghala moja lenye leseni, na watukutanishe na Benki ya Maendeleo ya Kilimo kuhusu mfuko wake wa dhamana kwa wakulima wadogo, ili ile riba ya asilimia 10 kwa mwaka ifike mpaka hapa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya risala hii tunakuomba ufungue kufuli la kwanza la sanduku, kisha utukabidhie vitabu wanachama mmoja mmoja. Kiasi cha kila mmoja kitasomwa kwa sauti.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanachama wote.