Barua kwa Mwanangu Anayekwenda Kinangop

Umoja, Nairobi

Mwanangu Neema,

Nimesoma ujumbe wako kwamba Jumatatu mtaondoka kwenda Kinangop, kwenye nyanda za juu za Kenya, kumhesabu yule ndege wa nyasi aitwaye Macronyx sharpei, na nimefurahi sana kuona umepata kazi uliyoisomea. Linaloninyima usingizi ni moja tu: nyasi mnazokwenda kukanyaga zina wenyewe. Huko si mbuga yenye lango na askari. Ni mashamba ya wakulima, na ndege wenu anaishi humo humo. Usiingie popote kabla ya kubisha hodi.

Usiseme mama anaogopa kila kitu. Mradi wa umeme wa upepo uliokusudiwa kujengwa Kinangop ulifutwa mwaka 2016, baada ya wenyeji kuupinga vikali kwa kuhofia ardhi yao. Mgeni mwenye darubini na daftari, anayekatiza shamba kwa hatua za kuhesabu, na ambaye Kikuyu chake kinaishia kwenye salamu, ni rahisi kudhaniwa kuwa mpima ardhi.

Nimesoma pia karatasi ulizoziacha mezani, na ndizo zilizonizidishia wasiwasi. Yule ndege wa jamii moja na wenu, anayeonekana katika mbuga ya Nairobi, mwenye koo la manjano na mkufu mweusi mpana kifuani, hupanda juu ya kichaka akaimba, ukamtambua ukiwa garini. Huyu wa Kinangop, Macronyx sharpei, hushinda chini akitafuta wadudu kati ya mafungu ya nyasi, kwa miguu yenye ukucha mrefu wa nyuma. Ukimkaribia mno huruka mwendo mfupi, kisha hutua na kupotea tena. Kifuani hana mkufu kamili, ila michirizi myeusi juu ya manjano. Basi michirizi hiyo hutaiona ukiwa barabarani. Itakubidi uingie shambani, na kuingia ndiko ninakokuogopea. Tena kiota chake kiko chini, kimefichwa na fungu la nyasi, kwa hiyo angalia unapoweka mguu.

Una macho makali kuliko sisi sote nyumbani, lakini una haraka, na simu zangu huzipokei. Ukimpata mwenye shamba, mwambie wewe ni nani, umetumwa na nani na utakaa kwa muda gani. Akikataa, shukuru uondoke. Ni kweli ndege huyu haishi popote duniani ila nyanda za juu za Kenya, na yumo hatarini kwa sababu malisho yanalimwa viazi na kabichi. Hata hivyo usimhubirie mtu juu ya shamba lake siku ya kwanza, kwani viazi hivyo ndivyo karo ya watoto wake. Mwulize kwanza habari za ng'ombe. Anayefuga na kuyaacha mafungu ya nyasi bila kuyang'oa tayari anamhifadhi ndege huyo, na anastahili kuambiwa hivyo kwa heshima.

Kinangop iko juu sana na baridi yake si ya Nairobi, kwa hiyo beba sweta mbili na zile gambuti zilizo nyuma ya mlango. Chaja yako anayo kaka yako. Nimemwagiza airudishe kabla ya Jumapili. Nauli nitakutumia kwa simu jioni, nikishalipia mtungi wa gesi. Ukifika nipigie, uniambie ni nani aliyewaruhusu kuingia shambani kwake.

Mama yako